Cherehani cha mifarishi: Bei ya dukani si gharama yote

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe huenda ni kweli, maana lolote lenye mpini na makali litapasua ardhi. Kwa cherehani ni kinyume. Asiyechagua hujikuta ana deni mkononi na mashine iliyofunikwa kanga pembeni ya chumba, haishoni na haiuziki.

Suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2024, halmashauri ziliporejesha mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, inayogawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, iliingizwa katika sheria mwaka 2018 na ikasimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake utazamwe upya. Haina riba. Ushonaji ni kati ya kazi ambazo kina mama huziwaza kwanza wanapoandika mradi wa kikundi.

Kigombe ni kata ya Wilaya ya Muheza iliyo ufukweni mwa Bahari ya Hindi, katikati ya Tanga na Pangani. Watu wake wanategemea bahari, minazi, mihogo na shamba la mkonge. Kipato cha bahari kina msimu. Katika miezi ya kusi, takriban Mei hadi Septemba, maji huchafuka, wavuvi wa vyombo vidogo hukaa pwani siku nyingi, na mama anayekaanga samaki hana cha kukaanga. Kazi ya kushona mifarishi kwa vipande vya kanga na vitenge inaweza kuziba pengo hilo. Swali linaloamua kama kazi itaingiza fedha au itazimeza ni moja: cherehani gani kinunuliwe kwa fedha kidogo?

Mfarishi unavyosumbua cherehani

Mfarishi una tabaka tatu. Juu ni vipande vilivyounganishwa, katikati ni ujazo wa pamba au blanketi kuukuu la mitumba, chini ni kitambaa kizima. Doti moja ya kanga, ikiunganishwa vipande vyake viwili, inatosha kuwa kitambaa cha chini cha kitanda cha futi nne kwa sita. Juu hutumika mabaki, ambayo kwa fundi wa nguo ni takataka za kufagia.

Matatizo yapo matatu. La kwanza ni unene. Mahali vipande vinne vinapokutana, sindano hupita kwenye mikunjo kadhaa ya kitambaa, ujazo na kitambaa cha chini kwa mpigo mmoja. Mashine dhaifu huruka mishono, hukata uzi au huvunja sindano.

La pili ni mtelezo. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, wakati cha juu kinabaki nyuma kwa kukandamizwa na mguu. Mfarishi unaishia na makunyanzi. Dawa yake ni mguu maalumu wenye meno yake mwenyewe, unaosogeza kitambaa cha juu sambamba na cha chini. Huo huuzwa peke yake, na ni kifaa cha kuulizia kabla ya kulipia mashine, kwani haukubali kila aina.

La tatu ni nafasi iliyopo kati ya sindano na nguzo ya mashine. Kwenye vyerehani vingi vya nyumbani nafasi hiyo haizidi sana sentimita 16 hadi 18. Anayeshona katikati ya mfarishi wa kitanda lazima aukunje nusu yake na kuupitisha hapo. Nchi za nje wapo wanaonunua mashine zenye mkono mrefu kwa mamilioni ya shilingi kwa sababu hiyo tu. Mshonaji wa Kigombe hana haja nazo. Anaweza kushona mfarishi kwa mapande: kila pande likamilishwe na tabaka zake tatu, kisha mapande yaunganishwe na maungio yafunikwe kwa utepe wa kitambaa. Utaratibu huo unaondoa sababu kubwa ya kukopa fedha nyingi.

Aina nne sokoni

Kundi la kwanza ni vyerehani vya chuma vya kukanyaga, vya mshono ulionyooka. Vingi, vikiwamo vya Butterfly kutoka Shanghai, China, vinafuata muundo wa zamani wa Singer namba 15. Ubora wa kundi hili uko kwenye mambo mawili. Chuma chake kizito hakitetemeki mbele ya kitambaa kinene, na sindano, bobini na mikanda yake inajulikana kwa mafundi wengi. Upungufu wake ni kwamba vingi havina zigizagi. Mfarishi hauhitaji zigizagi. Mshono ulionyooka unatosha kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kundi la pili ni vyerehani vidogo vya umeme vyenye mwili wa plastiki na mishono mingi ya mapambo. Ndivyo vinavyovutia macho dukani, vyepesi na vinapakatika kwenye bodaboda. Kwa kupunguza nguo, kutia zipu na kushona mapazia vinafaa. Kwa tabaka tatu za mfarishi, siku baada ya siku, vingi vinachoka mapema, kwani baadhi ya magurudumu yake ya ndani nayo ni ya plastiki. Kikiharibika, vipuri vyake ni vya kampuni moja, na mara nyingi havipatikani jirani.

Kundi la tatu ni vya umeme vya zamani, vya chuma, vinavyoingia kama mitumba. Hivi vinaweza kuwa bora kuliko vyote kwa bei yake, ila vina mtego wa umeme utakaoelezwa hapa chini.

Kundi la nne ni mashine za kiwandani zenye meza yake, mfano Juki DDL-8700 ya Japani, inayoweza kupiga hadi mishono 5,500 kwa dakika. Inanyanyua mguu wake juu zaidi kwa goti na inashona bila kuchoka. Lakini ni nzito na haihamishiki kwa urahisi. Sindano zake ni za shina la mviringo, wakati za nyumbani zina upande mmoja bapa; moja haitumiki mahali pa nyingine. Mashine hiyo ni ya karakana yenye oda za kila siku, kama vile sare za shule. Mwenye mfarishi mmoja kwa wiki anakuwa amenunua lori la kubebea kikapu.

Kasi si tatizo

Wauzaji wengi hutumia kasi kama kivutio. Hesabu ndogo inaonyesha kwamba kwa mifarishi kasi haina thamani kubwa hivyo.

Chukua mfarishi wa mita 1.2 kwa mita 1.8, wenye vipande vya mraba vya sentimita 15. Unahitaji vipande 96. Kuviunganisha kunataka mshono wa karibu mita 26. Kushikiza tabaka tatu kwa mistari iliyopishana sentimita 10, kwa urefu na kwa upana, ni mita 40 nyingine. Pindo la kuzunguka ni mita sita. Jumla ni mita 72, yaani mishono 24,000 ikiwa kila mshono ni milimita tatu.

Fundi anayekanyaga mishono 300 kwa dakika atamaliza kwa dakika 80 za kushona tu. Mwenye cherehani cha umeme kinachopiga mishono 800 kwa dakika atamaliza kwa dakika 30. Tofauti ni chini ya saa moja. Wakati huohuo, kufua mabaki, kuyapiga pasi, kukata vipande 96 vilivyo sawa na kupanga rangi ni kazi ya siku nzima au zaidi, na hakuna mashine kati ya hizo nne inayoifanya.

Maana yake ni kwamba kikundi chenye fedha za cherehani kimoja cha bei kubwa kitapata zaidi kikinunua cha kukanyaga, kisha kiasi kilichobaki kikanunue pasi nzuri, mikasi miwili mikali, meza ya kukatia na rula ndefu. Vipande visivyo sawa huharibu mfarishi hata kama mashine ni ya milioni.

Umeme na volti

Wapo wanaoogopa umeme kwa gharama ya Luku. Kwa cherehani cha nyumbani hofu hiyo haina msingi. Chenye mota ya wati 100, kikifanya kazi saa tano kwa siku kwa siku 26, kinatumia uniti 13 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa kundi la matumizi madogo alilipa Sh100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Hiyo ni Sh1,300.

Hesabu inabadilika kwa mashine ya kiwandani yenye mota ya zamani ya klachi, ambayo huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata mshonaji akiwa anapanga kitambaa. Mota ya wati 400 ikivuta kiwango chake chote kwa muda huohuo itakula uniti 52. Ongeza taa, feni na friji, nyumba inavuka uniti 75, na katika bei hizo kila uniti iliyozidi ilikuwa Sh350. Anayelazimika kununua mashine ya kiwandani aulizie mota ya sevo, ambayo huzunguka pale tu mguu unapokanyaga.

Hatari kubwa zaidi ni volti. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Vyerehani vilivyotengenezwa kwa matumizi ya ndani ya Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni vya volti 110 hadi 120. Kikichomekwa ukutani bila transfoma, kitanguruma kwa nguvu za ajabu kwa muda mfupi, kisha kitatoa moshi. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi asome kibati kilichopo karibu na mota. Kama kibati kimeng'olewa, asinunue.

Cherehani cha kukanyaga hakina shida hizo. Umeme ukikatika kazi inaendelea. Na vingi vya aina hii vinaweza kufungwa mota ndogo baadaye, oda zikiongezeka. Msemo wa mtaani kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe hapa una maana yake halisi.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kwa anayenunua kilichotumika, ukaguzi wa nusu saa unaokoa fedha nyingi. Kwanza, azungushe gurudumu la mkono polepole. Lizunguke laini, bila kukwama na bila kugongagonga. Ashike mhimili wa sindano na kuutikisa. Ukicheza upande kwa upande, mashine imelika.

Pili, atazame meno ya kusogeza kitambaa. Yaliyolika hung'aa na kuwa butu, na hayatavuta mfarishi. Tatu, atoe bobini na kikombe chake. Chenye kutu au mikwaruzo kitakata uzi kila mara.

Nne, na hili ndilo la maana kuliko yote, aende dukani na kitambaa chake. Akunje kitenge mara sita, aweke kipande cha blanketi katikati, na aombe kushona mwenyewe kwa sindano namba 16 au 18. Ageuze chini na kutazama mishono. Ikiwa imelingana juu na chini bila kuruka, mashine inafaa. Muuzaji anayekubali kujaribisha kwa kitambaa chepesi tu ana sababu yake.

Tano, aulize nani atakayekitengeneza. Cherehani ambacho fundi wake yuko Dar es Salaam si cha bei nafuu kwa mtu wa Kigombe, hata kingetolewa bure. Kinachotengenezeka Tanga mjini, na vipuri vyake vikawa vinapatikana hukohuko, ndicho cha kwake. Akinunua kipya, adai risiti ya EFD na maandishi ya dhamana.

Baada ya hapo adui ni hewa ya chumvi. Pwani, chuma hushika kutu haraka. Cherehani kifutwe kila jioni, kifunikwe, na kitiwe matone machache ya mafuta yake kwenye matundu yaliyowekwa. Mafuta ya nazi yasitumike hata kwa dharura. Yanaganda kwenye baridi, na kadiri siku zinavyopita yanageuka gundi inayokamata vumbi la pamba.

Deni, soko na msimu

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Bei halisi kila mmoja ataiweka alivyoikuta. Cherehani cha plastiki cha Sh200,000 kinachodumu mwaka mmoja kina gharama ya Sh200,000 kwa mwaka. Cha chuma cha Sh400,000 kinachodumu miaka 10, na kinachohudumiwa kwa Sh30,000 kila mwaka, kina gharama ya Sh70,000 kwa mwaka. Kilichoonekana ghali dukani ni rahisi kwa zaidi ya nusu.

Lakini deni linalipwa kwa mauzo. Kama faida ya mfarishi mmoja ni Sh10,000, deni la Sh400,000 linahitaji mifarishi 40 iliyouzwa na kulipwa. Je, wanunuzi 40 wako wapi? Kigombe yenyewe ni ya joto. Wachache watanunua mfarishi mnene wa kujifunika.

Jibu moja lipo ndani ya mkoa huohuo. Milima ya Usambara, hasa Lushoto na Bumbuli, ina baridi kali kati ya Juni na Agosti. Ndiyo miezi ya kusi, samaki wanapopungua Kigombe. Mifarishi iliyoshonwa Februari hadi Mei inaweza kupanda mlima kupitia Muheza, Korogwe na Mombo wakati inapohitajika zaidi, na fedha zikarudi wakati nyumba za pwani zina uhaba. Mkopo ambao marejesho yake makubwa yamepangwa kwa miezi hiyo una nafuu. Uliopangwa bila kutazama msimu utawabana wanakikundi.

Jibu la pili ni vitu vidogo. Historia ya wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi maskini katika jimbo la Alabama, Marekani, ina fundisho. Walishona mifarishi kwa nguo kuukuu kwa vizazi kadhaa, na leo kazi zao zinatundikwa katika majumba makubwa ya makumbusho. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Miongoni mwa kazi zilizowapa kipato cha uhakika ilikuwa oda ya foronya kutoka kampuni ya maduka ya Sears, katika miaka ya 1970. Sifa ilitoka kwenye mifarishi, mshahara ukatoka kwenye foronya.

Kwa Kigombe, foronya za makochi, mikeka ya mezani, mikoba na mifarishi ya watoto wachanga vina unafuu wa aina mbili. Vinapita vizuri chini ya cherehani kidogo, na vinauzika kwa fedha ya mfukoni kwa wasafiri wa barabara ya Tanga–Pangani na wageni wa hoteli za ufukweni upande wa Pangani. Isitoshe, mashine hiyohiyo inashona sare za shule kuanzia Novemba hadi Januari. Cherehani kinacholala miezi tisa hakiwezi kulipa mkopo wa miezi 12.

Wapo pia wasiohitaji kukopa kabisa kwa sasa. Katika jimbo la Karnataka, India, wanawake wa jamii ya Wasiddi, ambao asili yao ni Afrika, wanashona mifarishi ya nguo kuukuu kwa mkono hadi leo, na wanaiuza. Kikundi kinachotaka kujua kama kina soko kinaweza kushona kwa mkono mifarishi mitatu na foronya kumi, kikazipeleka Tanga na Lushoto, na kuona zinarudi na bei gani. Jaribio hilo linagharimu sindano, uzi na mabaki. Likifaulu, kikundi kinakwenda halmashauri kuomba mkopo kikiwa na hesabu za mauzo mkononi, na huenda kikahitaji kiasi kidogo kuliko kilichofikiriwa mwanzo. Likishindwa, hakuna anayedaiwa.

Utaalamu nao upo karibu. Tanga kuna ofisi ya SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na kuna chuo cha VETA. Kumpeleka mwanakikundi mmoja akajifunze kusafisha mashine, kubadili mkanda na kurekebisha ukazaji wa uzi kunaweza kuwa na faida kuliko kununua mashine ya pili.

Kwa hali ya Kigombe, basi, uchaguzi si mgumu kama rafu za maduka zinavyoufanya uonekane. Cherehani cha chuma, cha mshono ulionyooka, cha kukanyaga, chenye vipuri Tanga na kilichojaribiwa kwa kitambaa kinene, kinatosha kushona mifarishi, foronya na sare. Mwenye fedha zaidi aziweke kwenye mikasi, pasi na nauli ya kutafuta wanunuzi. Jembe linaweza kununuliwa bila kuchagua, kwa kuwa shamba tayari lipo. Kwa cherehani, mnunuzi alitafute shamba kwanza, na shamba lake ni soko.